Kampeni Yangu ya Paa la Chekechea

Jumatatu, 4 Machi 2019

Upepo wa Jumamosi umeng'oa paa la Chekechea ya Mwanzo Mwema. Lote! Mabati yaliruka hadi kwenye reli, na kabla hatujafika kuyaokota, mtaa wetu huu wa Namuwongo ulikuwa umeshayaokota. Sasa watoto wanakaa chini ya turubai lenye matundu, na mvua za Machi ziko njiani. Mama zao ni wauza mboga, wauza dagaa, wafua nguo. Mvua ikitangulia kabla ya paa, watoto watarudi kukaa na mama zao kando ya reli, na chekechea itafungwa. Hivyo ndivyo alivyosema mkurugenzi wetu, Madam Rosebella Nabangala, kwenye kikao cha asubuhi. Sauti ilimkatika. Mama huyu alitoka Bungoma zamani kuja kuuza mitumba hapa Kampala, akaishia kulea watoto wa watu. Sijawahi kumwona akilia. Leo ilibaki kidogo.

Ocira akanyoosha mkono. Ocira ni mwalimu wa watoto, tena hasimu wangu. Alisema twende kwa majirani mlango kwa mlango, kila mtu atoe alicho nacho. Alisema pia anamjua fundi mmoja wa Katwe atakayetupa mabati kwa bei ya kindugu.

Nilicheka. Mlango kwa mlango! Mwaka 2019! Nikasimama nikawakumbusha kwamba shirika hili linaloendesha chekechea lina Afisa wa Mawasiliano ya Mtandao. Ndiye mimi, Nashon Oyugi, mwana wa Ugunja kule Kenya, mwenye cheti cha semina ya siku nzima hotelini, chakula cha mchana kikiwemo. Nikawaambia ulimwengu umejaa watu wenye pesa na huruma ambao jioni hawana la kufanya ila kushika simu. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaliza.

Madam amenipa hadi Jumatatu ijayo. Nikishindwa, tutafuata njia ya Ocira, na ofisi yangu, yaani ile stoo yenye soketi ya umeme, itakuwa mahali pa watoto kulala mchana. Nimekubali mara moja. Ukurasa wetu wa Fesibuku una wafuasi wachache, wengi wao binamu zangu, lakini haba na haba hujaza kibaba. Ocira aanze kutafuta kazi ya kubeba matofali.

Jumanne, 5 Machi

Semina ilifundisha hivi: mfadhili hatoi kwa akili, hutoa kwa machozi. Jana jioni niliwatangazia akina mama kwamba leo kuna picha za kupeleka Ulaya, kila mtu amlete mtoto wake. Kosa langu, kama lipo, ni kutaja neno picha.

Lo! Walikuja kama wanaokwenda harusini. Suti zenye tai. Magomesi madogo, yale magauni ya Kiganda, yenye mikanda ya kumetameta. Viatu vinavyowaka taa mtoto akikanyaga. Nyuso zimepakwa mafuta hadi zinaakisi jua kwenye kamera. Aliyenimaliza ni Mama Babra, yaani Rosalba, mke wa Afande Okullo wa polisi, anayekaa chumba cha nyuma ya chekechea. Binti yake Babra alivaa gauni jeupe, glavu nyeupe, na kofia yenye ua. Mtoto wa miaka mitano! Halafu anatabasamu!

Niliwasihi wakawabadilishe nguo. Nilieleza kwa upole kwamba tunahitaji watoto wa kila siku, wenye vumbi kidogo. Rosalba akauliza, kwa sauti iliyofika sokoni, kama mimi picha yangu ya pasipoti nilipiga nikiwa na chupi. Akasema mtoto wake haendi Ulaya akiwa mchafu. Akina mama wakapiga vigelegele. Ocira naye akapiga makofi, hakuna aliyemwomba.

Nikapiga picha hivyo hivyo. Nikaandika: Wasaidie watoto hawa wasio na paa. Wa kwanza kujibu ni binamu yangu, kauliza nani anaoa na mbona yeye hakualikwa. Mtu wa Entebbe anataka bei ya viatu vya taa. Mwingine ameacha namba yake, anakodisha mahema na kupamba kumbi. Mfadhili hakuna hata wa dawa.

Sikati tamaa. Watu wa hapa hawajaijua sanaa ya huzuni. Nitawafundisha taratibu.

Jumatano, 6 Machi

Mpango mpya: matangazo ya moja kwa moja. Picha hudanganya, video ya papo hapo haidanganyi. Niliegemeza simu kwenye sufuria ya uji, turubai likiwa nyuma yangu. Nilikuwa nimelipa ushuru wa mitandao, ambao Uganda humtoza kila anayeingia Fesibuku, kwa pesa ya mfukoni mwangu, maana shirika halina fungu la ushuru, na mimi ni mtu wa kufuata sheria za wenyeji.

Mtazamaji alikuwa mmoja tu. Lakini mmoja wa aina gani! Jina lake Rafiki wa Watoto. Nilimwuliza yuko wapi, akajibu simu yake inasema Norwei. Norwei!

Nikabadilisha hotuba. Nikamsalimia mfalme wake. Nikasema mtu anayejua theluji hahitaji kuelezwa thamani ya paa. Akatuma mioyo, mizima mizima. Akaomba nionyeshe jinsi mtoto anavyojikunyata mvua ikinyesha. Nikajikunyata. Akaomba wimbo wa kwetu. Nikaimba. Akaomba nicheze kidogo, watu wa Norwei wanapenda sana ngoma. Nilicheza hadi jasho likaingia machoni. Wakati huo watoto walikuwa wameacha uji wao na wananizunguka, na Babra alikuwa ananifundisha namna ya kukata kiuno vizuri.

Ndipo nikasikia kicheko nyuma ya ukuta. Nikachungulia. Ocira! Amekaa juu ya ndoo, simu mkononi, machozi ya kicheko yanamtiririka. Bwana huyu halipi ushuru wa mitandao. Ameweka ile programu ya VPN inayoficha simu iko wapi, na simu yake inaamini kabisa iko Norwei. Nilimwambia ni mhalifu. Akaniambia Norwei imeridhika na kiuno changu.

Jioni Madam aliniuliza tumefikia wapi. Nilimwambia tumeanza kuzungumza na nchi za Skandinavia. Si uongo kamili.

Alhamisi, 7 Machi

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Leo nimezindua Changamoto ya Beseni. Mtu anajimwagia beseni la maji kichwani ili ajue mtoto asiye na paa anahisi nini, kisha anachangia, kisha anamtaja mwenzake naye afanye. Dunia itaiga. Kazi yangu ni kuanza tu.

Nilivaa shati langu la kazi na tai. Nilihitaji mtu wa kunipa beseni na mtu wa kushika simu. Madam alishika simu. Ocira akajitolea kuleta maji, na mimi, kwa moyo wangu mweupe, nikadhani amekubali kushindwa.

Yalikuwa maji aliyolowekea sufuria ya uji ya juzi. Yalikuwa mazito. Yalishuka polepole. Bonge moja likakaa kwenye nyusi na halikutaka kuondoka, na katika video nasikika nikisema kwa heshima zote kwamba haya ndiyo maisha ya mtoto wa Namuwongo.

Lakini ukweli usemwe: video imeenea! Ukurasa mmoja wa vichekesho wa hapa mjini umeichukua. Watu wameitazama kuliko mambo yote niliyowahi kufanya. Bodaboda wananipigia honi. Muuza chapati amenipa jina la Ssebo Uji, yaani Bwana Uji. Pesa haijaja, ni kweli, na kati ya wote wanaocheka hakuna anayeuliza habari za paa. Ila jina limeshafika, na jina likifika pesa hufuata nyuma.

Wingu la leo jioni lilikuwa jeusi. Madam alikaa muda mrefu mlangoni akilitazama, wala hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya Wanawake. Ofisi zimefungwa, lakini kipaji hakina sikukuu.

Nilipita nyuma ya chekechea asubuhi. Rosalba alikuwa ameenda Ggaba kununua mukene, wale dagaa wa ziwani anaouza, na angelala huko kwa dada yake. Babra kaachwa kwa jirani. Nikamkuta kakaa kando ya mtaro, tope hadi magotini, kavaa fulana kuukuu ya baba yake inayoburura chini, na analia. Analia haswa! Mtoto wa jirani kamnyang'anya chapati. Nyuma yake turubai letu linapepea. Mungu mwenyewe alikuwa ameipanga picha ile.

Nilipiga. Kisha nikampa chapati nyingine, mimi si mnyama.

Sasa maneno. Semina ilisema yatima humgusa mfadhili kuliko mtoto mwenye wazazi. Semina ilisema pia tumia majina halisi, wafadhili hawapendi kudanganywa. Nikawaza. Afande Okullo yuko Moroto tangu mwaka jana, amehamishiwa huko kikazi. Mtandao wa Moroto ni wa kubahatisha. Yeye mwenyewe hajui Fesibuku. Na mzungu wa Ujerumani atamjulia wapi Okullo?

Nikaandika kwamba mtoto Babra amempoteza baba yake, askari hodari Okullo, aliyefariki kazini Moroto wiki hii, na sasa hata paa la kumfunika hana. Nimemuua kidogo tu, kwa ajili ya watoto. Akija likizo nitamnunulia soda. Nilipomaliza kuandika machozi yalinitoka, na mimi ndiye mtunzi! Kampeni sasa imeiva.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi: Ushindi! Nilidhani simu imeharibika, ilikuwa inatetemeka yenyewe mezani. Picha ya Babra imesambaa Fesibuku, imeingia kwenye makundi ya Wasap, imefika nisikokujua. Watu wanalia. Watu wanauliza watoe wapi mchango. Nilichoshangaa ni kimoja: wengi wa wanaoisambaza wamevaa kofia za polisi kwenye picha zao.

Jioni: Naandika nikiwa nimejifungia ndani.

Saa sita hivi nilisikia vilio upande wa chekechea. Nikajua jirani amefikwa. Mimi ni mtu wa watu, nikavaa koti jeusi nikaenda. Uwanja wetu umefungwa mahema, viti vya plastiki vimepangwa, moto umewashwa, na mlangoni kuna beseni la mabugo, yaani rambirambi. Nilitoa changu nikaweka. Nikakaa karibu na askari mmoja kijana, nikamwambia kitalo, pole sana, nikamwuliza nani aliyetutoka. Akanijibu ni Afande Okullo. Akasema habari ziko kwenye ukurasa wa shirika, shirika lenyewe la hapa, kwa hiyo ni za kweli.

Yawa!

Kambi nzima ya polisi ilikuwa pale. Wakuu wa Okullo walipiga simu Moroto hawakupata mtu. Kikosi kizima kiko doria porini. Kaka yake Okullo, Mzee Abudu, alikuwa anabishana na katekista. Abudu alisema mwili ukifika tu wanauzika siku hiyo hiyo, kwa sababu nusu ya ukoo ni Waislamu. Katekista alisema Okullo alibatizwa mbele yake. Simu zilikuwa zimepigwa Kitgum, kwao Okullo, na basi la ndugu liko njiani.

Halafu Rosalba akatokea kutoka Ggaba, kikapu cha mukene kichwani. Aliona mahema. Akaona viti. Wanawake wakamkimbilia, na kabla hawajamfikia kikapu kilikuwa kimeanguka. Alikaa chini juu ya mukene wake akamwita mumewe, si Afande, bali kwa jina la nyumbani ambalo sikuwahi kulisikia. Babra akaja kumshika shingo, naye akaanza kulia kwa sababu mama analia. Nimekwenda misiba mingi maishani. Sijawahi kwenda ule nilioutengeneza mwenyewe. Niliona aibu, nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma.

Nilijaribu! Nilipiga magoti karibu yake nikamwambia Mama Babra, Okullo yuko hai. Akina mama wote wakaitikia amina, yuko hai kwa Bwana. Nikasema hapana, yuko hai Moroto. Mama mmoja akanishika bega akasema bambi, maskini, huzuni imempanda kichwani, mpeni maji.

Punde simu ya Abudu ikalia. Namba ya Okullo! Moyo wangu ukaruka. Abudu akaipokea, akasikiliza kidogo, akaanza kumtukana aliyepiga: mwizi mkubwa, umeiba simu ya marehemu, na sasa unajifanya yeye! Akamlaani hadi kizazi cha saba, akazima simu. Uwanja mzima ukampongeza. Mimi nilikohoa tu.

Nikajificha nyuma ya hema kufuta ule ujumbe. Kidole kilikuwa kimeshafika pale pa kufutia. Ndipo ukaingia ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Uholanzi, wa kweli huyu, akiuliza atasaidiaje. Nikasema nitafuta kesho.

Jumapili, 10 Machi

Nilikuwa nimepanga kusema ukweli baada ya misa. Sikupata nafasi.

Basi la Kitgum lilifika asubuhi. Walishuka ndugu, mikeka, kuku, na Shangazi Acayo, dada ya baba yake Okullo, mwanamke mrefu asiyeinama anapopita mlangoni. Alikaa katikati ya uwanja. Aliuliza mwili uko wapi. Hakuna aliyejua. Akasema basi tutausubiri.

Ulikuja saa saba, kwa miguu, umebeba begi.

Okullo alisimama penye beseni la mabugo, na sare yake imejaa vumbi la Moroto. Katekista alikuwa wa kwanza kumwona na wa kwanza kupotea. Viti vilianguka. Askari walioapa kulinda taifa walipita juu ya ua wa michongoma kana kwamba haupo. Kuku wa Kitgum walibaki peke yao wakila mchele. Rosalba tu ndiye aliyemwendea. Alimpiga na mwiko, mara ya kwanza na ya pili, akimwuliza kwa nini amemliza hivi, kisha akautupa mwiko akamkumbatia, na hakumwachia tena kwa muda mrefu.

Okullo alieleza. Makao yao yaliuliza kwa redio mwili wake usafirishwe lini. Kamanda wake akajibu kwamba mwili uko mbele yake unakula maharage. Wakampa ruhusa aende kushughulikia msiba wake. Akasema amepiga simu njia nzima, na kila anayempigia anamwita mwizi. Abudu akaanza kukagua soli za viatu vyake.

Kisha Okullo akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Nani iko naniua mimi?"

Simu zote zikatoka mifukoni. Macho yote yakanijia. Nilikuwa nimeshafika pembeni mwa hema, lakini mkono fulani ukanishika kola ukanirudisha katikati. Ocira. Alisema ni kwa usalama wangu.

Sitaandika yote aliyosema Okullo. Alisema nimemfanya mkewe mjane, mtoto wake yatima, na kaka yake mpumbavu, kwa picha. Nilimtazama Madam Rosebella, nikitegemea atanitetea. Madam alivua miwani, akaifuta, akasema mbele ya watu wote kwamba shirika lake limesema uongo kwa kinywa changu, na kwamba anayetia uongo kwenye jina la mtoto hamsaidii mtoto. Akaomba radhi kwa niaba yangu. Alisema hata paa sasa hana uso wa kumwomba mtu yeyote, na kesho atawaambia wazazi chekechea imefungwa. Watoto wale!

Wakati huo huo ubishi ukaanza kuhusu mabugo. Beseni lilikuwa limejaa hadi noti zinaning'inia. Abudu alisema yarudishwe kwa wenyewe. Askari wakasema hawawezi kupokea. Pesa iliyotolewa kwa kifo ukiirudisha mfukoni unakibeba kifo nyumbani kwako. Wengine wakasema apewe Okullo. Okullo akaruka nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Ale mabugo yake mwenyewe, yeye ana wazimu?

Mvua ikaanza. Haikutoa hata onyo. Turubai letu lilishika maji kwa muda, kisha likapasuka katikati, na watoto waliokuwa wakicheza chini yake wakakimbilia kwenye mahema ya msiba, na vitabu vya darasani vimeloa. Babra alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye mapaja ya Shangazi Acayo. Shangazi akatazama ile nyumba isiyo na kichwa. Akauliza watoto hawa husomea wapi. Madam akamwonyesha.

Shangazi akaamua. Alisema machozi yalikuwa ya kweli, kwa hiyo pesa haiwezi kurudi. Aliyeliliwa yuko hai, kwa hiyo hawezi kuila. Basi iwafunike watoto, na kifo kikija kuitafuta kikute imepigiliwa misumari juu ya paa. Akamwuliza Abudu kama ana neno. Abudu akaenda kulifunika beseni lisilowe. Akauliza kama kuna mtu anayemjua fundi wa mabati. Ocira akanyoosha mkono, bila shaka.

Jumatatu, 11 Machi

Leo ndiyo siku niliyopewa, na mabati yamepatikana leo. Naomba jambo hilo likumbukwe.

Tulikwenda Katwe, mimi na Ocira. Fundi wake alinitambua kwa ile video ya beseni, akataka nirudie yale maneno niliyosema na bonge la uji kwenye nyusi kabla hajapunguza bei. Nikarudia. Akapunguza! Nani sasa atasema mawasiliano hayana faida? Ocira alipatana na dereva wa pikapu. Mimi nilikaa nyuma juu ya mabati, nikipungia watu mkono.

Mchana nilitumikia hukumu yangu. Okullo hakunipeleka kituoni. Amesema nipite mlango kwa mlango, kwa kila aliyeweka pesa katika lile beseni, nimwambie kwa kinywa changu kwamba Okullo yuko hai na mimi ni mwongo. Yeye alinifuata nyuma, kama ushahidi. Mzee mmoja wa kambini alinipa kiti, akanisikiliza, akaniomba nirudie ili mkewe naye asikie. Mama muuza ndizi alisema machozi yake hayarudi, akataka sukari. Nikamnunulia. Nimegundua kwamba watu hawa wote nawajua sura lakini sikuwahi kuwasalimia, na wengi waliniuliza paa linaezekwa lini waje kusaidia. Ni desturi yao ya kizamani tu.

Alhamisi, 14 Machi

Paa limekwisha! Mabati mapya yanang'aa hadi dereva wa treni amepiga honi. Polisi wa kambini walipanda juu kupigilia misumari, Okullo mbele yao, na kila msumari alisema ni wa Oyugi. Akina mama walipika. Watoto walikuja na viatu vya taa. Mvua ilinyesha mchana, kubwa, na ndani hakudondoka hata tone. Madam Rosebella alisimama katikati ya darasa akitazama juu, na safari hii alilia kabisa. Na mimi nililia. Kwa nini nisilie? Hii ni kazi ya mikono yangu.

Yule mama wa Uholanzi ameandika pia. Yeye ni mstaafu, pesa hana, lakini amefuma kofia za sufi za watoto wote na ameshazipeleka posta. Kofia ya sufi, Kampala! Nimemshukuru sana. Nimeiandika kwenye ripoti kama ufadhili wa kimataifa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekaa nikatathmini kampeni, kama semina ilivyofundisha. Tuliomba paa Jumatatu. Tukalipata Jumatatu iliyofuata. Mashirika makubwa yenye magari na viyoyozi hayawezi mwendo huu. Kosa lilikuwa moja tu, na si la mkakati, ni la uteuzi. Okullo hakufaa. Ana ndugu wengi mno, ana mke mkali, ana wenzake wenye simu, na zaidi ya yote alikuwa na haraka ya kurudi.

Ocira amepewa ofisi yangu. Amelaza watoto humo. Sijali, maana Madam ameniachia ukurasa, kwa sharti kwamba nisiweke neno lolote kabla yeye hajaliona. Nilimpa mkono. Nikaapa. Akasema kila mtu anastahili nafasi nyingine, akanibariki. Mama mwenye moyo mkubwa kiasi hiki hutampata tena.

Sasa chekechea haina choo. Kile cha zamani kimejaa, na wazazi wameanza kulalamika. Ocira anasema twende tena kwa majirani. Tena! Watu hawa watachoka. Choo kinahitaji mfadhili wa kiwango cha juu, na huyo anahitaji habari nzito kidogo.

Madam amesafiri asubuhi ya leo kwenda kwao Bungoma, wiki mbili, kwenye kilima kisicho na mtandao. Hana mume. Nduguze ni wachache na ni wapole. Anapendwa Kampala nzima, na picha zake zote ametoka vizuri. Nimechagua ile ya gomesi la bluu, nimeipunguza rangi kidogo, na chini yake nimeshaandika: Rosebella Nabangala, 1961 hadi 2019. Inapendeza mno!